Kutafuta Ruwaza au Kutumia Kichanganuzi katika Faili za XML na HTML

Kabla ya kuandika programu ya kuchota data kutoka faili la XML au HTML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa tagi kama <bei>, jiulize kwanza ni nani anayetengeneza faili hilo. Tuseme chama cha wakulima mjini Mbale hutoa faili la bei za kahawa kutoka mfumo uleule kila wiki, nawe unataka kujua tu kama neno "Arabika" limo: amri ya grep, inayotafuta ruwaza (mpangilio wa herufi) ndani ya faili, inatosha, na kupakia kichanganuzi, yaani maktaba ya programu inayosoma muundo wa faili, kwa kazi hiyo ni kujichosha bure.

Mambo hubadilika pale maana ya thamani inapotegemea mahali ilipo. Chukua <bei zao="kahawa" daraja="AA">. Kesho mfumo unaweza kutanguliza daraja kabla ya zao, ukatumia alama moja ya nukuu badala ya mbili, au ukakata mstari katikati. Kwa kanuni za XML maana ni ileile, lakini ruwaza yako haitaona kitu, wala haitakuonya. Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni bei ya zamani iliyoachwa ndani ya <!-- -->, alama za maelezo yasiyohesabiwa kuwa data, ambayo ruwaza huichukua kana kwamba ni ya leo. Kichanganuzi huiruka, na pia hugeuza msimbo &amp; kuwa alama yenyewe ya &.

Katika lugha ya programu ya Python, tumia kichanganuzi cha ElementTree kwa XML. Tagi isipofungwa, husimama na kutoa kosa. Kwa HTML ya tovuti, ambayo aghalabu ina kasoro, maktaba ya Beautiful Soup huvumilia zaidi. Faili likizidi kumbukumbu ya kompyuta, tumia iterparse ya ElementTree, inayosoma faili kidogo kidogo, ukifuta kila kipengele baada ya kukisoma.