Kabla hujampa Everyone ruhusa ya folda kwenye IIS

Mara nyingi nikiitwa kuangalia seva ya Windows yenye IIS (programu ya Microsoft ya kuendesha tovuti), ambayo programu yake ya wavuti ilikuwa inagoma kuhifadhi mafaili, naikuta folda imeshapewa Everyone (kundi la Windows la watumiaji wote) yenye Full Control, yaani ruhusa zote. Fundi alibanwa na wakubwa, akafungua kila kitu, kazi ikaendelea. Nakuomba usifanye hivyo. Folda hiyo ikiwa ndani ya tovuti, na fomu ya kupakia haichuji aina za mafaili, mgeni atapakia faili la .aspx, atalifungua kwenye kivinjari, na seva itatekeleza alichoandika.

Anza na swali hili: programu inapogusa folda, inaigusa kwa jina la nani?

Tangu IIS 7.5, iliyokuja na Windows Server 2008 R2, kila puli (mchakato wa IIS unaoendesha programu ya wavuti) unayoiona chini ya Application Pools huwa na akaunti yake, labda uibadilishe. Puli ikiitwa Mauzo, akaunti yake ni IIS AppPool\Mauzo. Ukiitafuta kwenye orodha ya watumiaji huioni. Iandike mwenyewe, jina zima, na pale kwenye Locations uchague seva yenyewe, si domeni. Mimi napenda amri ya icacls, inayobadilisha ruhusa za folda; ni fupi na unaweza kuihifadhi:

icacls D:\Risiti /grant "IIS AppPool\Mauzo:(OI)(CI)M"

M ni Modify, yaani kusoma, kuandika na kufuta. (OI)(CI) inafanya ruhusa irithiwe na mafaili na folda za ndani. Angalia pia kwamba D:\Risiti iko nje ya folda ya tovuti, na nimeiweka huko makusudi. Folda yenye programu yenyewe ipe RX tu, yaani kusoma na kutekeleza. Kisha:

icacls D:\Risiti /remove:g Everyone

Kama Everyone bado ipo, imerithiwa kutoka folda ya juu. Shughulika nayo huko.

Sasa kuna pale ambapo web.config, faili la mipangilio la programu ya ASP.NET (mfumo wa Microsoft wa kuandika programu za wavuti), ina mstari huu:

<identity impersonate="true" />

Hapo programu inavaa utambulisho wa mtu aliyeingia. Mhasibu akiingia kwa akaunti yake ya Windows, faili linafunguliwa kwa jina la mhasibu, na ruhusa uliyoipa puli haimsaidii. Tovuti ikiruhusu watu kuingia bila kujitambulisha, jina la kawaida linakuwa IUSR, akaunti ya IIS kwa wageni. Na puli ikiwa ya Integrated (hali ambayo IIS na ASP.NET hushughulikia ombi kwa mkondo mmoja), mstari huo huleta kosa 500.24.

Kwa maoni yangu, mstari huo una maana tu pale ambapo mafaili yenyewe tayari yana ruhusa tofauti kwa kila mtu, mfano folda za mishahara. Kwingine kote acha puli ifungue mafaili, na programu ndiyo ikague nani anaruhusiwa nini. ASP.NET Core, kizazi kipya cha ASP.NET, haina mpangilio huo kabisa. Ukihitaji, unazungushia WindowsIdentity.RunImpersonated mistari ile michache inayogusa faili.

Folda ikiwa kwenye seva nyingine, akaunti ya puli inatoka nje kwa jina la mashine, kwa mfano KAMPUNI\WEB01$. Mpe huyo ruhusa mara mbili, kwenye share (folda inavyoshirikishwa mtandaoni) na kwenye NTFS (mafaili yenyewe kwenye diski), kwa sababu iliyo finyu zaidi ndiyo inayoshinda. Mhasibu wetu naye akiwa ameingia kwa NTLM (njia ya zamani ya Windows ya kuthibitisha mtumiaji), utambulisho wake haufiki seva ya pili. Hapo unahitaji Kerberos, njia nyingine ya kuthibitisha, yenye delegation, yaani idhini ya seva kupeleka mbele utambulisho wa mtu, na hiyo ni kazi ya msimamizi wa domeni.

Ukikwama, usibahatishe. Fungua Procmon ya Sysinternals (zana ya Microsoft inayoonyesha mafaili yanayoguswa na kila programu) kwenye seva, chuja Process Name iwe w3wp.exe, ambayo ndiyo puli yenyewe, na Result iwe ACCESS DENIED, halafu rudia kupakia faili. Safu ya Path inakuonyesha folda iliyokataa. Soma safu ya Detail: ukikuta neno Impersonating, jina linalofuata ndilo lililonyimwa. Usipolikuta, ni akaunti ya puli. Hilo ndilo jina la kuweka kwenye icacls.