Namna ya Kuitia Sauti ya Wanakijiji Katika Mkataba wa Hewa Ukaa

Mradi wa hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto, ni biashara: msitu, mikoko au malisho ya watu fulani hutunzwa, kaboni iliyohifadhiwa humo hupimwa, kisha kampuni ya mbali hununua vyeti vyake ili kufidia moshi inaoutoa. Kanuni za soko la kaboni la Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa Glasgow mwaka 2021 chini ya Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, zinataka wakazi waombwe maoni na wawe na mahali pa kupeleka malalamiko. Hata hivyo, kanuni hizo hazijifikishi kijijini zenyewe, na ndiyo maana kamati ya kijiji au afisa wa shirika anayesimamia mazungumzo anapaswa kujua aanzie wapi.

Aanzie kwenye ardhi. Kabla ya kujadili bei, ulizeni ni nani mwenye mamlaka ya kisheria ya kukubali au kukataa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na halmashauri hiyo inawajibika kwa mkutano mkuu. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inabatilisha mkataba wowote wa uwekezaji katika ardhi ya jamii ambao haukuidhinishwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima. Mikoko ya Kenya ni jambo tofauti, kwa kuwa ni msitu wa serikali: jamii huingia kwanza makubaliano ya usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu, na bila hati hiyo haina cha kuuza.

Hatua inayoharibika mara nyingi zaidi ni mkutano wenyewe. Katika vijiji vya pwani, mkutano ukiitishwa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na wanawake wako miambani wakitafuta pweza, watakaohudhuria ni wazee wa barazani na vijana wasio na kazi siku hiyo. Muhtasari utasema “wanakijiji wamekubali”, ilhali waliokubali si wale wanaoingia mikokoni kila wiki. Itisheni mkutano siku za maji mafu, yaani maji yasipokupwa sana, tena kwa zaidi ya kikao kimoja, na kikao cha wanawake kifanyike peke yake iwapo hawazoei kusema mbele ya waume zao. Waokota kuni, wakata boriti na wafugaji wanaopita kwa msimu wapelekewe taarifa walipo, kwa sababu wao ndio watakaofungiwa njia.

Katika vikao hivyo, swali la kwanza lisiwe “tutapata nini?” bali “tutakatazwa nini, na kwa miaka mingapi?” Mtu aliyezoea kukata mkandaa, aina ya mkoko, wa kujengea atakata wapi kesho? Mradi wa Mikoko Pamoja katika ghuba ya Gazi, Kwale, ulioanza mwaka 2013 na unaotunza hekta 117 kwa niaba ya wakazi wa Gazi na Makongeni, ulilijibu swali hilo kwa kupanda mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea nje ya mikoko. Mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule, mambo yaliyoamuliwa na wakazi wenyewe. Mradi usio na jibu la namna hiyo unamtwisha maskini gharama ya usafi wa tajiri, hata kama vipimo vyake vya kaboni ni sahihi kabisa.

Kuhusu fedha, sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia katika miradi ya ardhi, na asilimia 25 katika miradi mingine. Asilimia pekee haitoshi. Mkataba useme ni asilimia ya nini, gharama zipi zinatolewa kwanza, nani anazikagua, na bei ya kila tani itatangazwa lini. Kampuni ikidai kwamba bei ni siri ya biashara, msitie saini.

Mkataba wote uandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya wenyeji inapobidi, usomwe kwa sauti mkutanoni, kisha nakala ibaki ofisi ya kijiji wiki kadhaa kabla ya kura ili watu waende nao kwa mwanasheria asiyelipwa na kampuni. Uwe na kifungu cha kujitoa, na utaje kwa cheo mtu wa kupokea malalamiko, ambaye hapaswi kuwa mwajiriwa wa mradi, pamoja na idadi ya siku anazopewa kujibu kabla shauri halijapelekwa kwa mamlaka ya mazingira au mahakamani.