Shokapu na springi za barabara mbovu: uliza mzigo kabla ya urefu

"Fundi, naomba uninyanyulie gari kidogo." Hapa Arusha ombi hilo halipiti wiki sijalisikia, na jibu langu huwa ni swali: unabeba nini, na unapita wapi? Anayeshusha magunia ya maharage kutoka Monduli kila Jumamosi ana shida yake. Anayepeleka wageni Serengeti ana nyingine. Na yule anayekaa kilomita nane ndani ya barabara ya vumbi, gari halibebi kitu zaidi ya mkoba wake wa kazini, huyo hafanani na wote wawili. Ukiwauzia watatu hawa springi za aina moja, wawili watarudi na malalamiko.

Fuata mpangilio huu kabla hujatoa hela dukani. Miguu ya gari, yaani springi na shokapu zake, ikichaguliwa kwa kuangalia urefu tu, mgongo wako ndio unaolipa.

Hatua ya 1: Andika mzigo

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya kukunjwa. Wengi huchanganya hapo, gari likikaa chini nyuma wanabadilisha shokapu, kisha wanashangaa limebaki palepale.

Chukua karatasi. Kila mtu mmoja mwandikie kilo 70. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Keria ya juu, tairi la pili la akiba, ngao ya chuma ya mbele, jokofu la safari, yote yaandike. Halafu pembeni ya kila kitu weka alama: kipo kila siku, au mara mojamoja? Alama hiyo ndiyo inayochagua springi.

Mimi hili nililijifunza kwa aibu. Zamani nilimfungia mama mmoja mwalimu springi nzito za nyuma kwenye Prado yake, kwa sababu aliniambia gari ni la shamba. Baada ya wiki mbili akaingia gereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ulinifungia springi au mawe?"

Kumbe shamba huenda mara mbili kwa mwaka, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Siku nyingine zote yuko peke yake. Springi iliyotengenezwa kwa kilo 300 za ziada, zikikosekana hizo kilo, haikubali kukunjika. Gurudumu likikuta jiwe, linarusha gari zima badala ya kupanda lenyewe. Nilizitoa, nikamrudishia za kawaida kwa hela yangu.

Hatua ya 2: Pima miguu uliyo nayo

Egesha gari pahali tambarare. Kwa tepu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake, pande zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wako wa kawaida. Usipimie kutoka ardhini, maana tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi sentimita moja na nusu, kagua springi ya upande ulioshuka. Huenda imechoka, au imekatika mzunguko wa chini kabisa pale inapokalia, mahali ambapo jicho halifiki upesi.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Tafuta ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, chini kabisa, igusane na mwili wa shokapu. Ibane kiasi cha kuteleza kwa shida. Endesha gari siku nzima kwenye barabara yako. Shokapu ikikunjwa itaisukuma kamba juu, na kamba itabaki pale ilipofikishwa. Ikiwa imefika hadi kwenye raba ya kikomo, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho, springi ni laini kwa mzigo wako au imechoka. Ikiwa haikufika hata nusu ya urefu wa fimbo, na barabara ni mbaya kweli, una springi ngumu kuliko unavyohitaji. Shokapu ambayo fimbo yake imefunikwa na bati, paka grisi kwenye raba ya kikomo. Ikiguswa utaona alama.

Cha mwisho: ukitoka kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya changarawe, baada ya kama kilomita 20 simama na usogeze mgongo wa kiganja karibu na kila shokapu. Usiishike, inaweza kukuunguza. Zote zinatakiwa ziwe na joto. Iliyo baridi imekufa, hata kama haivuji mafuta. Kule kusukuma boneti na kuhesabu gari limecheza mara ngapi kutakuonyesha shokapu iliyokufa kabisa, lakini iliyobakiza nusu ya nguvu itapita mtihani huo vizuri tu.

Hatua ya 3: Matairi kwanza

Kitu cha kwanza kinachokutana na shimo ni tairi, na watu wanakimbilia shokapu wakiwa wamevaa matairi membamba ya rimu kubwa. Soma namba ubavuni. Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97 hivi. Ukivaa 195/65R15, ubavu unafika milimita 127 hivi, na kimo cha gurudumu zima kinaongezeka kwa chini ya sentimita moja, hivyo spidomita inabaki karibu palepale. Sentimita tatu hizo za raba na upepo zitakufanyia kazi ambayo shokapu ya bei mbaya haiwezi. Hakikisha tu rimu ndogo inapita juu ya kalipa za breki; ijaribu kwa mkono kabla hujalipia, na angalia pia kama tairi jipya linabeba uzito unaotakiwa na gari lako.

Na upepo. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandika kipimo cha lami. Kwenye rasta ndefu mimi hupunguza kama sehemu moja ya tano, 32 inakuwa 26 hivi, napunguza na mwendo, kisha najaza nikirudi lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inatosha.

Hatua ya 4: Bushi na jointi

Usifunge shokapu mpya juu ya bushi zilizokufa, yaani zile raba za kwenye maungio ya miguu. Nyanyua gari, liweke kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake, halafu ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na gari) na chesisi, ukichokonoe taratibu. Raba iliyopasuka utaiona ikifunguka. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni boljointi au bearingi. Shika kushoto na kulia: ukisikia mchezo, angalia tairodi, fimbo ya usukani.

Kuhusu bushi ngumu za plastiki, zile za rangi nyekundu au njano, mimi si mshabiki. Zinadumu, lakini hupitisha kila kokoto hadi kwenye kiti, na vumbi likiingia zinalia kama kitanda cha zamani. Kwenye stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, sawa. Kwenye mikono mikubwa ya gari linalotakiwa kujipinda makorongoni, nabaki na raba.

Hatua ya 5: Chagua springi

Rudi kwenye karatasi yako. Mzigo ukiwa wa mara mojamoja, baki na springi za ugumu wa kiwandani, mpya. Gari la miaka 15 lililokaa chini, mara nyingi ukiliwekea springi mpya za kiwango chake "linanyanyuka" bila kuongezewa chochote. Mzigo ukiwa wa kudumu, nunua springi iliyoandikwa uzito huo. Wauzaji wa maana wana jedwali: tupu, kilo kadhaa za ziada, mzigo mzito. Mbele na nyuma chagua kila upande peke yake. Ngao ya chuma iko mbele tu, haizihusu springi za nyuma.

Wenye mzigo unaobadilikabadilika, kama magari ya watalii yanayokwenda yamejaa na kurudi matupu, watafute springi inayoanza laini na kukaza kadiri inavyokunjika. Kwenye koili utaitambua kwa mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Nyuma ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Hilux au Hiace, ambako kuna vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, kazi hiyo hufanywa na vyuma vinene vya chini vinavyoguswa pale tu mzigo unapopanda. Kuchomeka chuma kimoja cha lori katikati, jambo linalofanyika kila mtaa, hukaza springi tangu gari likiwa tupu. Halafu chuma kikuu huanza kukatika, kwa sababu vyuma vya mikunjo tofauti havigawani kazi sawasawa.

Hatua ya 6: Chagua shokapu

Hapa ndipo hela yako inapotakiwa kwenda.

Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa kusukuma mafuta kupita kwenye vitundu vidogo vya vali. Piga hesabu: mawimbi ya rasta yakiachana sentimita 80, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kila gurudumu linapigwa kama mara 20 kwa sekunde, zaidi ya mara 1,200 kwa dakika. Fikiria hilo kwenye kipande cha Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, jua la mchana. Mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halina ukinzani. Dereva anahisi gari limeanza kuogelea, mkia unatembea kando. Shimo moja kubwa kwa kawaida haliui shokapu iliyo nzima. Joto ndilo linaloziua.

Kwa hiyo unatafuta shokapu inayovumilia joto. Ya mafuta matupu bila gesi iachie gari la mjini. Ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, yenye gesi ya naitrojeni, kama KYB Excel-G, hupunguza povu na inatosha kwa RAV4, Noah au Forester ya kila siku. Ya mrija mmoja hupoa haraka zaidi, kwa kuwa mafuta yamegusana na ukuta wa nje unaopigwa na upepo, ila jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama na shokapu imekwisha. Ya mirija miwili huweza kubonyea nje ikaendelea na kazi. Ndiyo maana kwa njia za mawe makali mimi huchagua ya mirija miwili iliyo nene, yenye mafuta mengi, na ya mrija mmoja naiweka kwa wanaokimbia kwenye changarawe.

Usikubali neno "heavy duty" lililobandikwa kwenye boksi bila maelezo. Shokapu ngumu kuliko springi yake, hasa ile inayokaza wakati wa kurudi, huchelewesha gurudumu. Wimbi la pili linafika kabla gurudumu halijashuka, la tatu vilevile, na gari linazidi kujikunja chini hadi linagonga vikomo. Abiria atakwambia gari ni gumu, kumbe limeishiwa nafasi.

Forester nyingine zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe kwa mzigo. Zikifa, watu hufunga za kawaida na kuacha springi zilezile laini; gari linakaa chini kama bata. Ukibadilisha shokapu hizo, badilisha na springi.

Hatua ya 7: Urefu, kwa kiasi

Gari la chesisi, kama Prado au Hilux, huvumilia kunyanyuliwa sentimita nne hadi tano bila fujo kubwa. Gari dogo nisingevuka tatu. Zaidi ya hapo draivu shafti zinakaa kwa pembe kali na kupasua buti zake za raba, boljointi inaishiwa nafasi ya kujipinda, na paipu za breki zinavutika. Spesa inayowekwa juu ya shokapu hailainishi wala haikazi chochote; husogeza gurudumu chini tu, ndiyo maana linapobaki hewani jointi zinalia. Na kumbuka, ekseli nzima ya nyuma haipandi kwa springi. Difu inapandishwa na tairi pekee.

Hatua ya 8: Dukani

Nunua mbili mbili, kwa ekseli. Beba namba ya chesisi, usiseme "ya Prado", maana Prado ni nyingi. Shokapu ya mtumba isimamishe wima, isukume hadi mwisho na kuivuta: mwendo uwe mzito na laini. Ikilegea ghafla katikati, irudishe. Fimbo yenye vidonda vya kutu itakata sili ndani ya miezi. Mpya ya bei ya chini ya kushangaza huenda ni feki. Linganisha uzito wake mkononi na nyingine ya namba hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kufunga

Shokapu ya mirija miwili, kabla ya kuifunga, isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari na uipampu mara tano au sita, hewa iliyoingia ikiwa imelazwa itoke. Badilisha mauntingi na raba za kikomo palepale.

Kosa ninalolikuta kila mwezi: fundi anakaza bolti za bushi miguu ikining'inia. Raba hushikwa ikiwa katika mkao huo, gari likishushwa inajipinda, na inaishi imepinda hadi ipasuke. Zikaze kidogo tu kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze kabisa.

Peleka alaimenti siku hiyohiyo. Baada ya kilomita 500 rudia kukaza kila bolti uliyoigusa, kagua paipu za breki kama hazisuguani na kitu, kisha funga tena kamba ya plastiki kwenye fimbo na uende njia yako ya kawaida na mzigo wako wa kawaida. Ikiishia vidole viwili kabla ya raba ya kikomo, miguu iko sawa; kata kamba uitupe.