SOMO: Kuuza mfumo wa kulipia kila mwezi kipindi hiki cha AI

Wakuu habari za muda huu. Somo hili ni la wanaotengeneza mifumo ya mauzo na stoo kwa maduka, famasi, hadiwea, halafu mteja analipa kila mwezi. Siku hizi kijana wa chuo akiwa na laptop na AI anatoa mfumo unaofanana na wako ndani ya wikiendi, kwa hiyo lazima ujue mteja anakulipa kwa lipi hasa.

Hatua ya 1, kagua unachouza. Kama ni majibu tu, uko pabaya. Chegg ya Marekani iliwauzia wanafunzi majibu ya masomo kwa malipo ya mwezi, ChatGPT ikatoka Novemba 2022, Mei 2023 bosi wao akakiri inawapunguzia wateja wapya, hisa zikaporomoka karibu nusu kwa siku moja. Mwenye duka Kariakoo hanunui majibu, anataka risiti ya TRA itoke sawasawa, stoo isome kama kilichopo kwenye shelfu, na awepo mtu wa kupokea simu saa mbili usiku hesabu zikigoma, maana faini ikija inakuja kwa jina lake.

Hatua ya 2 ndiyo inaua wengi: gharama ya kila mteja. Mfumo wa zamani mteja akiutumia sana hukuumia, ila ukishaweka AI ndani kila swali analouliza unalilipia tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo kampuni ya AI inahesabu na kukutoza, tena kwa dola wakati wewe unakusanya shilingi. Tuseme unatoza 30,000 kwa mwezi. Seva 3,000, SMS 2,500, huduma kwa mteja 8,000, tokeni 6,000, unabaki na 10,500. Sasa akatokea mmoja anauliza ripoti kutwa nzima, tokeni zikafika 20,000, huyo umeshamlipia 3,500 kutoka mfukoni kwako na yeye ndiye anakusifia kuliko wote! Weka kikomo cha maswali kwa mwezi, akizidisha aongeze hela. Na jumla ya mauzo ya leo haihitaji AI, hiyo database, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, inatoa yenyewe.

Hatua ya 3, zuia wateja kuondoka. Ukipoteza 5 kwa kila 100 kila mwezi, mwaka ukiisha kwenye ile 100 ya mwanzo wamebaki kama 54, kwa hiyo kabla hujaongeza matangazo wapigie walioacha uwaulize.

Hatua ya 4, malipo. Wengi hawana kadi, wanalipa kwa simu, basi uza miezi mitatu kwa mkupuo na ukumbushe mapema. Akichelewa mfungie ripoti, usimfungie kuuza Jumamosi duka limejaa, hatakusamehe.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mshindani kashusha mpaka elfu 10, na mimi nishushe?
Jibu: Hapana kaka. Toa kifurushi kidogo kisicho na AI kwa wenye duka dogo, bei kubwa ibaki pale pale.

Swali: Boss, huku Kenya KRA (mamlaka ya mapato) wanatoa eTIMS, mfumo wao wa risiti za kodi za kielektroniki, bure, sasa nitauza nini?
Jibu: Risiti ni mwisho wa kazi. Uza kinachotangulia, yaani stoku, madeni ya wateja, matawi mawili kuonekana sehemu moja, halafu mfumo wako utume risiti eTIMS wenyewe bila mtu kuandika mara mbili.

Swali: Mimi AI ndiyo imeniandikia mfumo wote, siyo mtaalamu sana, naruhusiwa kuuza?
Jibu: Uza dada, ila kwanza ujaribu haya. Bidhaa imebaki moja, kaunta mbili ziiuze kwa wakati mmoja uone stoo inasoma nini. Zima intaneti katikati ya mauzo. Futa database ya majaribio uirudishe kutoka kwenye bakapu (nakala ya akiba). Hiyo ya tatu ikikushinda usichukue hela ya mtu bado, tafuta developa akae na wewe mpaka iwezekane.