Hadithi huku mkimenya korosho: namna ya kumkaribia mtoto asiyekuzoea

Shemeji yangu alipata kazi Dar es Salaam, binti yake akabaki Mtwara kwa bibi. Aliporudi likizo mtoto alimwamkia "Shikamoo baba", akakimbilia jikoni. Mimi nafundisha darasa la awali, akaniuliza afanyeje. Nimeandika niliyomwelekeza, kwa kuwa wazazi wengi wa huku kusini wanaoishi mbali na watoto wao wana shida hiyohiyo.

Hatua ya 1: Tafuta kazi ya mikono

Usimwite mtoto "njoo nikusimulie hadithi" ukamkalisha mbele yako. Macho ya mtu asiyemzoea yanamtisha. Kaeni mkekani ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kazi mkononi: kuchambua mchicha, kupukuchua mahindi, kuchagua mchele. Mimi kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya korosho, hasa msimu ukishaanza Oktoba. Lakini kubangua ni kwa mtu mzima. Ganda la nje lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wa kuzikaanga si wa kumweka mtoto karibu. Mpe zilizokwisha kubanguliwa na kukauka, amenye lile ganda jembamba la ndani. Atakula nyingi, mwache ale.

Runinga izimwe. Simu iache chumba kingine.

Baba akiwa hayupo kabisa, mjomba aikalie nafasi hiyo. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake, na hadithi ni njia nzuri ya kulitumia.

Hatua ya 2: Paukwa

Sema "Paukwa!" Asipoitikia "Pakawa!", bibi aitikie, msonge mbele. Ukianza na kitendawili ni bora zaidi: akishindwa, mdai mji. Atakupa Newala, Nachingwea au Kilwa, nawe umeshapata pa kuanzia.

Hatua ya 3: Hadithi iwe ya hapa

Sungura na Fisi wanatosha, ila watembeze anapopajua. Fisi avuke Ruvuma kwa mtumbwi, Sungura auze mabibo njia ya Mikindani. Kitabu sikishauri mwanzoni, kinakamata macho na mikono yako yote miwili.

Mtoto aliyeanza shule msimulie Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho huko Lindi. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa huku. Waliipeleka kwa miguu, mizigo kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Dinosaria mmoja amesimamishwa hadi leo kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Nendeni uwanjani mkaipime kwa hatua ndefu, kisha muulize: wewe ungebeba mfupa gani?

Hatua ya 4: Mwachie ashike hadithi

Hapa ndipo watu hukwama, na hapa ndipo mtoto anapokukaribia. Ukisimulia yote mwenyewe atafurahi, lakini atabaki msikilizaji wako tu. Mnapofika mahali pa kuamua, kata: "Fisi akafika njia panda, akashika..." Halafu nyamaza. Nyamaza kweli. Wengi hukaa kimya pumzi moja kisha wanajijibu wenyewe, au wanamhimiza. Shemeji alikuwa akisema, "Sema basi mama, unaogopa nini?" na binti anazidi kujikunja. Nikamwambia amenye korosho tano bila kumtazama kabla ya kufungua tena mdomo. Jioni moja ikatoka sauti ndogo: "Akashika njia ya kwa bibi."

Likishatoka neno, lipokee lilivyo. Kama linavunja hadithi yako, ivunjike. Usimwambie "hapana, Fisi hakwenda huko". Akikosea kusema, usimsahihishe. Rudia tu kwa usahihi, "Ehee, akaenda kwa bibi", na usonge. Akichanganya Kimakonde alichokisikia kwa bibi, mjibu kwa Kimakonde ukikijua.

Maswali ya mtihani yaache shuleni. "Fisi alikuwa na miguu mingapi?" linamrudisha mtoto darasani. Uliza lile ambalo hata wewe hujui jibu lake.

Wakiwa wawili, mkubwa atammeza mdogo. Weka kopo la korosho katikati: mwenye kulishika ndiye anayesema.

Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, zimwi lisije usiku. Mchana sawa, tena atalidai mwenyewe.

Kubwa zaidi ni hili. Siku moja mtoto ataingiza mambo yake: "Fisi akamwacha mtoto wake akaenda Dar." Usianze kujitetea, wala kumweleza habari za kazi na ada. Uliza, "Mtoto wa Fisi akafanyaje?" na uendelee kumenya. Yale ambayo hawezi kukuambia wewe atayasema kwa mdomo wa Fisi, na anaangalia kama utavumilia kuyasikia. Isipokuwa akigusia kupigwa vibaya au kushikwashikwa na mtu: hapo simamisha hadithi, msikilize bila kumkemea wala kumtilia shaka, kisha nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Hatua ya 5: Funga

"Hadithi yangu imeishia hapo." Basi. Usiulize imetufundisha nini. Mtoto akijua kuna swali la mwisho, atasikiliza hadithi nzima akilitafuta jibu, na wewe hatakuona.

Hatua ya 6: Ukisharudi kazini

Piga saa ileile ya mkekani, bibi aweke spika, nao waendelee na kazi zao. Simu ya video siipendi kwa jambo hili; mtoto anaanza kuchezea simu, hadithi inapotea. Endelea pale alipoachia yeye. Kabla ya kupiga, muulize bibi jina ambalo mtoto amempa Fisi safari hii, maana ukilikosea atadhani hukuwa unamsikiliza.