Kusubu Gololi za Risasi na Kulenga Shabaha kwa Gobore

Nchini Uganda kazi hii huanzia polisi, wala haianzii jikoni. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na si busara kudhani kwamba gobore limesamehewa kwa kuwa ni silaha ya kizamani. Omba maelekezo ya maandishi pia kuhusu kusubu risasi na kununua baruti, maana ruhusa ya kumiliki bunduki si lazima iwe ruhusa ya kuitengenezea risasi.

Gobore hulenga vizuri pale tu kila mlio unapofanana na uliotangulia, na ufanano huo hutokana kwanza na madini yenyewe. Tafuta madini ya risasi yaliyo laini na yasiyochanganywa, kama yale ya mabomba ya zamani, ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha yanaacha alama. Risasi ngumu yenye antimoni, madini yanayochanganywa na risasi ili kuifanya ngumu, hutoa gololi kubwa kidogo kuliko kipimo, nazo husumbua wakati wa kuzishindilia. Katika vibanda vya vyuma chakavu vya Katwe, Kampala, utaona betri kuukuu za magari, na bei yake inaweza kukushawishi. Ziache kabisa, kwa sababu ndani yake mna asidi na madini mengine yanayoweza kutoa gesi ya sumu yakiyeyushwa.

Yeyusha madini nje, mahali penye hewa inayopita, mbali na watoto na chakula, ukitumia chungu cha chuma ambacho hakitarudi kupikiwa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, kiwango ambacho sigiri ya makaa hukifikia kwa urahisi na kukipita bila kukuarifu, ndiyo maana tanuru dogo la umeme lenye kidhibiti cha joto linastahili gharama yake. Vaa miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha juu, kwa hiyo wingu la mvua likitanda juu ya Ziwa Viktoria, ahirisha kazi.

Tia kipande kidogo cha nta ya nyuki, koroga, kisha uondoe taka zinazoelea. Mimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani chombo chenye tundu la umbo la gololi. Gololi za kwanza zitatoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado ni baridi. Zirudishe chunguni bila kusikitika. Zikianza kuwa na ukungu mweupe, kalibu imepata moto kupita kiasi. Zilizo nzuri hung'aa, na kikonyo chake, yaani kijiti cha risasi kinachobaki kwenye tundu la kumiminia, hukatika safi. Zipime kwenye mizani, maana gololi ya inchi 0.490, inayofaa mtutu wa inchi 0.50, huwa na uzito wa takriban gramu 11.5, na iliyo nyepesi kuliko wenzake ina uwazi ndani usioonekana kwa macho. Mimi hupenda hatua hii kuliko zote, ingawa wengi huiruka. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula.

Uwanjani, mtii msimamizi na uvae vizuia sauti masikioni. Tumia baruti nyeusi tu, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inaweza kupasua mtutu. Mimina kutoka kwenye kipimo cha shaba na kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwani cheche iliyobaki ndani ya mtutu inaweza kuilipua chupa mkononi mwako. Weka mdomoni mwa mtutu kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, gololi juu yake, kikonyo kikitazama mbele, kisha ushindilie kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, hadi gololi ikae juu ya baruti bila nafasi yoyote. Chora alama kwenye mdeki unapolingana na mdomo wa mtutu, ili kila mara ujue kwamba gololi imefika. Fataki, yaani kikofia kidogo kinachotoa cheche ya kuwasha baruti, hutiwa mwisho, ukiwa tayari kwenye mstari, mtutu ukielekea shabaha.

Fataki ikilia na bunduki isilie, subiri dakika mbili mtutu ukiwa palepale, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika moto. Kati ya mlio na mlio pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, la sivyo masizi yatajikusanya na gololi ya tano au ya sita itagoma njiani.

Masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu, na katika hewa ya Kampala au Entebbe kutu haingoji kesho. Osha mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe kabisa, upake mafuta, na kesho yake upitishe kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya kahawia, rudia.