Maliza mwenyewe msimu wa beisiboli wa 1994
Wanaojua besiboli wanakumbuka, tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji Marekani waligoma na msimu haukurudi tena, hata fainali haikuchezwa. Montreal Expos, timu ya Canada iliyokua inacheza ligi hiyo ya Marekani, walikua juu kuliko timu zote, wameshinda 74 wamefungwa 40, afu basi! Mi bado inaniuma.

Sa ukitaka kuumalizia nyumbani tafuta geimu ya kadi na dadu kama Strat-O-Matic, kadi za msimu huo huo. Kila mchezaji ana kadi yake, unarusha dadu, ile nyeupe ikitoa 1 mpaka 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 mpaka 6 unasoma ya mrushaji, zile mbili zingine unajumlisha namba ndo zinakuambia kapiga hom-rani (mpira umeenda mbali, anazunguka vituo vyote na kupata pointi) au katoka.

Ushauri wangu usianze na ligi nzima utachoka, chukua timu moja tu, Expos wamebakiza mechi 48 ambazo ukicheza moja kila jioni ni kama miezi miwili hivi.

Kitu kinachoharibu wengi ni warushaji. Mi mara ya kwanza nilimpanga Pedro Martínez, mrushaji mkali wa Expos, karibu kila mechi, eti kwa sababu dadu hazichoki, nikashinda kumi mfululizo ikawa ujinga mtupu bana. Mpe mtu siku nne za kupumzika, na yule wa akiba aliyepiga vizuri mechi chache usimfanye staa.

Matokeo andika kwenye daftari siku hiyo hiyo, ukisema kesho ushasahau.